Nilimwona kwa Mgongo

Nilikuwa na miaka kumi na mitano nilipomsababishia mwanamke mmoja kufukuzwa kazi, naye hakuwa amenikosea kitu. Waliomfukuza ni wanaume watatu waliovaa makoti, wameketi upande wa pili wa meza, lakini walichotumia ni maneno yangu. Kwa miaka kadhaa niliyaamini maneno hayo kuliko walivyoyaamini wao.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, katika shule ya bweni ya wasichana upande wa Konoin. Pande tatu za shule zilikuwa majani chai, na upande wa nne miti ya blugamu na barabara ya murram isiyo na lami. Asubuhi ukungu ulikuwa ukitanda hadi saa nne, na kuna siku hukuweza kuona mlango wa jikoni ukiwa umesimama kwenye mlango wa bweni. Nyumbani kwetu hakukuwa mbali sana, mwendo wa saa mbili kwa miguu, kwa hiyo baridi ile niliizoea. Sikuwa msichana mwoga. Nasema hivyo kwa sababu hofu iliyotuingia muhula ule ilinikuta kama mgeni, sikujua nifanye nayo nini.

Ilianza na mhubiri. Siku hizo nchi nzima ilikuwa inazungumza habari za waabudu shetani. Ilisemwa wako mashuleni, wako hata makanisani, wanawaingiza wanafunzi kwa peremende na pete. Jumapili moja akaja mhubiri mgeni, akasimama kwenye ukumbi wa kulia chakula na kusema kwa muda wa saa mbili. Alitueleza jinsi watu hao wanavyotoa damu kwa siri, wanavyozika vitu karibu na mahali watoto wanapolala, wanavyonong'ona maneno yasiyoeleweka. Akasema: "Mtu wao mtamjua kwa uso. Ukimshtukia, uso wake unabadilika, hauwi wa binadamu tena." Alisema kwa upole, bila kupaza sauti, na nadhani upole ule ndio uliotuogofya. Tulipotoka ukumbini hakuna msichana aliyetembea peke yake.

Baada ya hapo tulianza kuangaliana. Tuliangalia walimu pia. Na haikuchukua wiki mbili macho yetu yakatua kwa matroni.

Matroni alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mjane. Alitoka upande wa Kisii. Mume wake aliletwa huku na kazi ya mashamba makubwa ya chai, akafia huku, naye akabaki na kupata kazi ya kutulinda mabwenini. Hakuwa mcheshi. Alivaa viatu vya raba, kwa hiyo hukumsikia akija, na alipokuwa akihesabu shuka alihesabu kwa lugha yake, chini chini. Sisi wengi tulikuwa Wakipsigis na hatukuielewa lugha ile. Kabla ya mhubiri kuja, kule kuhesabu kulikuwa kuhesabu tu. Baadaye mmoja wetu akauliza kwa nini mtu ahesabu shuka huku midomo ikienda haraka hivyo.

Asubuhi ninayotaka kuisimulia ilikuwa ya Jumatano. Kengele ya kuamka haikuwa imelia, lakini kulikuwa kumepambazuka. Nilitoka kwenda kwenye bomba la nyuma nikaoge kabla foleni haijajaa. Nilipofika kwenye kona ya bweni nilimwona matroni karibu na ua, pale majani chai yanapoanzia. Alikuwa ameinama. Alikuwa na jembe, na kando yake palikuwa na karai. Ndani ya karai kulikuwa na vitambaa, na vitambaa vilikuwa vyekundu.

Nilisimama pale kwa muda ambao mtu anaweza kuhesabu mpaka kumi. Kisha nikarudi mbio, nimeacha ndoo yangu.

Nilimwambia rafiki yangu tuliyelala kitanda kimoja cha orofa, yeye juu mimi chini. Nakumbuka vizuri jinsi mazungumzo yale yalivyokwenda, kwa kuwa nimeyarudia kichwani mara nyingi kuliko sala yoyote.

"Alikuwa anazika nini?" akauliza.

"Vitambaa. Viko na damu."

"Damu ya nini?"

"Sijui."

"Alikuwa ananong'ona?"

"Nafikiri."

"Alikuona?"

"Nafikiri aligeuka," nikasema.

Hadi saa ya uji neno "nafikiri" lilikuwa limekwisha kuanguka njiani. Wasichana wa bweni la pili walinijia na kuniuliza ni kweli matroni alinigeukia na uso wake ukabadilika, nami nikasema ni kweli. Sikuhisi kama nadanganya. Hilo ndilo jambo gumu zaidi kulieleza kwa mtu ambaye hajawahi kupitia. Wakati naulizwa, nilimwona akigeuka. Niliuona uso ule, mweupe machoni, midomo ikienda. Ulikuwepo mbele yangu kama meza ilivyokuwepo.

Kabla ya saa sita msichana mmoja wa kidato cha kwanza alipiga kelele darasani akaanguka. Akafuata mwingine, na baadaye wakawa saba, wamelazwa kwenye nyasi za uwanja, wengine wakitetemeka, wengine wakilia kwa kuita mama zao. Mimi sikuanguka. Nilikuwa nimesimama chini ya blugamu nikiwaangalia, na ndani yangu, pamoja na hofu, kulikuwa na kitu kingine ambacho leo naona aibu kukitaja: kwamba mimi ndiye niliyeona. Wote walikuwa wanaogopa kitu nilichokiona mimi.

Kesho yake wazazi walianza kufika, wengine wamepanda trekta za kubeba majani chai, wengine kwa miguu. Walitaka kuwachukua watoto wao. Mwalimu mkuu aliogopa shule itafungwa, akaita kikao siku ile ile.

Kikao kilikuwa katika chumba cha walimu. Upande mmoja wa meza walikuwa mwalimu mkuu, mwenyekiti wa bodi ya shule na mchungaji wa kanisa la karibu. Kwenye kona, karibu na kabati la vitabu, aliketi mwalimu wetu wa sayansi kimu, mwanamke pekee wa kikao, naye alikuwa na kazi ya kuandika yanayosemwa. Matroni aliketi kwenye kiti cha mbao katikati ya chumba. Alivaa sweta ya kijani na alikuwa amejifunga leso kiunoni, kama siku zote. Mimi nilisimama mlangoni.

"Sema vile uliona," mwalimu mkuu akaniambia.

Nikasema. Nilisema jembe, karai, damu, kunong'ona, na uso. Mchungaji aliposikia uso akafumba macho.

Mwenyekiti akamgeukia matroni. "Ulikuwa unazika nini?"

"Takataka," matroni akasema.

"Takataka gani?"

Aliangalia mikono yake, kisha akaniangalia mimi. Nilimtazama nikitafuta ule uso mwingine, nikaona mwanamke aliyechoka. Lakini hata hilo nililigeuza papo hapo: nikajiambia anajificha kwa sababu kuna mchungaji chumbani.

"Mama, hii ni nafasi yako," mwalimu mkuu akasema. "Sema ni takataka gani."

"Nimesema ni takataka."

Tulitoka nje wote. Mzee wa bustani akafukua pale nilipoonyesha. Mvua ilikuwa imenyesha na vitambaa vilitoka vizito, vimeshikana na udongo. Wanaume wakarudi nyuma hatua mbili. Nilimwona mwalimu wa sayansi kimu akisogea mbele, akainama, akaangalia kwa muda. Kisha akasimama wima, akafunga daftari lake, akatazama upande wa majani chai. Mchungaji akaomba, mafuta ya taa yakamwagwa, vitambaa vikachomwa.

Matroni aliondoka jioni hiyo hiyo. Sanduku lake lilibebwa juu ya lori lililokuwa likipeleka kuni kwenye kiwanda cha chai kule Mogogosiek. Tulisimama kwenye madirisha ya bweni. Hakuna aliyempungia mkono.

Nilitarajia hofu itaondoka naye. Wasichana wenzangu walitulia baada ya wiki moja, wakaanza tena kucheka na kugombania sukari. Kwangu mimi ilibaki. Niliogopa kwamba atarudi kunitafuta. Niliweka Biblia chini ya mto na sikuenda tena kwenye bomba la nyuma hadi nilipomaliza kidato cha tatu. Nilipoulizwa na wanafunzi wapya nilisimulia, na kila niliposimulia uso ule ulizidi kuwa wazi. Mwishoni ulikuwa hata na meno.

Likizo ya Agosti nilipokuwa kidato cha nne nilikuwa nyumbani, nasaidia kuchuma. Shamba letu lilikuwa dogo, vichaka vya chai vimeshuka mteremko hadi mtoni. Mama alikuwa mstari wa chini yangu, amenipa mgongo, kikapu kimening'inia nyuma yake. Ukungu ulikuwa umeingia. Nilinyoosha kiuno nikamtazama. Alikuwa ameinama, mabega yake yanakwenda, leso imefungwa kiunoni na fundo limekaa upande wa kushoto.

Nikaona asubuhi ile. Safari hii sikuwa nikiisimulia kwa mtu yeyote, na hakuna aliyeniuliza swali. Ilikuja yenyewe, bila maneno. Niliona sweta ya kijani kwa nyuma. Niliona fundo la leso. Niliona kisigino cha raba kimeinuka kutoka kwenye matope. Nikangoja ageuke.

Hakugeuka.

Nikajaribu tena. Nilifumba macho kabisa, vidole vyangu vikiwa bado vimeshika majani. Niliona mgongo. Uso ulipokuja ulikuja kutoka mahali pengine, na ulipokuja haukuwa na ukungu, haukuwa na ua nyuma yake, wala ule mwanga wa asubuhi. Ulikuwa uso peke yake, kama picha iliyobandikwa ukutani. Na sauti iliyokuwa nao ilikuwa sauti ya yule mhubiri mpole.

Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa mchana ule, na hakukuwa na kitu chochote cha kuogopesha mahali pale. Kulikuwa na mama yangu na majani chai. Hofu ya bwenini ilikuwa ya kitu kilichokuwa nje. Ningeweza kufunga mlango. Hii ilikuwa ndani ya kichwa changu mwenyewe. Kama uso ule niliutengeneza, na nikauona kwa macho yangu, ni vitu gani vingine nimevitengeneza? Nilianza kupima kumbukumbu zangu moja moja, kama mtu anayekanyaga ubao wa daraja kabla ya kuweka uzito. Babu akinibeba begani: niliona, au niliambiwa? Siku ng'ombe wetu alipoanguka mtoni: nilikuwepo? Sikuwa na hakika tena.

Mama akageuka. "Mbona umesimama? Unaangalia nini?"

"Mama, yule matroni wetu. Sikuona uso wake."

Alijua habari ile. Kijiji kizima kiliijua. Akaweka mkono kiunoni. "Umesema nini?"

"Nilisema niliona uso. Nilimwona mgongo tu."

Aliangalia juu na chini ya mstari kuona kama kuna mtu anayesikia. Kisha akarudi kuchuma. "Hayo yalipita," akasema. "Uko na mtihani mbele. Usianze kusema-sema, watu watasema ulidanganya wachungaji."

Nami nikainamia majani. Sitamlaumu mama. Alikuwa anaogopa kwa ajili yangu, nami niliogopa kwa ajili yangu pia, na hofu mbili zikikubaliana ni vigumu kuzipinga. Nilinyamaza miaka mitatu.

Nilipomaliza shule nilipata kazi ya kufundisha shule ya msingi karibu na Kapsoit, bado sijaenda chuo. Darasa langu lilikuwa la tano. Siku moja kalamu mpya ya msichana mmoja ilipotea, na msichana mwingine akasimama na kumwonyesha mwenzake kidole. "Madamu, ni yeye. Nilimwona akichukua." Alikuwa analia kwa hasira, na nilijua machozi yale. Hayakuwa ya mwongo.

"Wewe ulikuwa umesimama wapi?" nikamwuliza.

"Pale mlangoni."

"Na yeye alikuwa wapi?"

"Kwa dawati."

"Alikuwa anakuangalia ama amekupa mgongo?"

Akafikiri. Nilimwona akifikiri, niliona hasira ikipungua usoni mwake na kitu kingine kikiingia, kama mtu aliyeingia chumba asichokijua. "Alikuwa amenipa mgongo," akasema.

"Sasa uliona mkono wake ukichukua?"

"Sikuona mkono. Lakini nilijua."

Niliwaambia watoto watoke nje wakacheze ingawa haikuwa saa ya kucheza. Nilikuwa nimemwuliza mtoto wa miaka kumi na moja, kwa dakika mbili tu, maswali ambayo wanaume watatu hawakuniuliza, na ambayo mimi mwenyewe sikujiuliza kwa miaka miwili. Kalamu ilipatikana baadaye ndani ya kitabu cha mwenyewe. Lakini kabla haijapatikana nilikuwa nimekata shauri kumtafuta matroni.

Haikuwa vigumu kumpata. Mwanamke mmoja aliyewahi kupika shuleni aliniambia yuko Kedowa, anauza viazi na kabeji kando ya barabara. Kilichokuwa kigumu ni kwenda. Jumamosi mbili nilivaa nikafika stendi nikarudi nyumbani. Ya tatu nilikwenda.

Alikuwa na kibanda cha mabati, viazi vimepangwa kwa ndoo. Nywele zake zilikuwa zimeingia mvi. Nilinunua kabeji moja kwanza, kwa sababu sikujua nianzie wapi, na wakati ananirudishia chenji alitazama mkono wangu, kisha uso, akaacha kuhesabu.

"Ni wewe," akasema.

"Ni mimi, mama."

"Umekuwa mkubwa."

Wingu lilikuwa limeshuka, na kabla sijasema kitu mvua ya mawe ikaanza. Alinivuta chini ya bati kwa mkono wa sweta, kama ambavyo angemvuta mteja yeyote. Mawe yalipiga bati kwa kelele kubwa hivi kwamba tulisimama bega kwa bega bila kusema, tukitazama barabara ikigeuka nyeupe.

Ilipopungua nikamwambia. Nilimwambia sikuona uso wake. Nilimwambia sikumsikia akinong'ona. Nilimwambia nilijua tangu kidato cha nne na sikusema. Nilimwomba msamaha.

Alisikiliza akiwa anapangusa barafu juu ya viazi. "Kulikuwa na msichana," akasema. "Alikuwa na mimba na ikaharibika. Alikuja kwangu alfajiri akiwa anatoka damu. Nilimwahidi sitasema. Kama ningesema, angefukuzwa, na baba yake angemuua."

Bati lilikuwa bado linadondoka maji. "Yule msichana alisikia nikifukuzwa," akaendelea. "Hakusema. Wewe ulisema na yeye hakusema. Mlikuwa watoto wote. Sikuwa nawachukia. Wale wazee hawakuwa watoto."

"Unanisamehe, mama?"

Alirudisha kiazi kwenye ndoo. "Wewe unataka niseme nimekusamehe ndiyo ulale vizuri. Mimi hapa, akina mama wa kanisa hawaketi na mimi. Habari ilifika hapa kabla ya sanduku langu. Miaka hii yote nakaa benchi ya nyuma. Kama unataka kunisaidia, andika. Andika vile uliona, si vile ulisema. Halafu shule iweke muhuri."

Nilidhani nitaandika jioni moja. Ilinichukua karibu mwezi. Barua ya kwanza ilikuwa kurasa nne na ilinihusu mimi: jinsi nilivyokuwa mdogo, jinsi mhubiri alivyotutisha, jinsi nilivyoumia tangu hapo. Nilipoisoma siku iliyofuata nilijisikia nikijitetea katika kila mstari, nikaichana. Ya pili nilijitukana sana, na nikagundua huko nako kulikuwa kujitetea. Nilitaka atakayesoma anionee huruma. Barua ya mwisho ilikuwa mistari tisa. Nilisimama wapi. Ukungu ulikuwa namna gani. Niliona mgongo, jembe, karai na vitambaa. Sikuona uso. Sikusikia neno. Niliyosema zaidi ya hayo hayakutokea. Habari za msichana mgonjwa sikuziandika, kwa sababu hazikuwa zangu.

Nilipoifikisha shuleni niliambiwa mwalimu mkuu ni mpya, na nilipoingia ofisini nikamkuta ni yule mwalimu wa sayansi kimu. Nusura nigeuke. Aliisoma barua mara mbili. Kisha akafunga mlango.

"Mimi nilijua," akasema.

"Ulijua nini, madamu?"

"Siku ile, nilipoinama. Nimezaa watoto watatu. Nilijua ile ni damu ya nini. Nilifikiri, nikisema mbele ya wanaume hawa watauliza ni msichana gani, na watawapanga wasichana wote mstarini. Nilisema nitamwambia mwalimu mkuu kando, kesho. Kesho nikaogopa kwa sababu sikusema jana." Aliikunja barua kisha akaikunjua tena. "Wewe ulikuwa na miaka kumi na mitano. Mimi nilikuwa na thelathini na sita."

Nilikuwa nimedhani kwamba kukua ni kufika mahali ambapo mtu anaona kosa lake na kwa kuliona anaacha kuogopa. Mbele yangu aliketi mtu mzima aliyeona kila kitu kwa usahihi siku ile ile, na haikumsaidia mtu yeyote. Niliogopa tena, hofu ya tatu, na hii sijaipa jina mpaka leo.

Aliandika barua yake mwenyewe chini ya yangu, akasema shule ilikosea, akapiga muhuri. Nilizipeleka Kedowa. Matroni hakunikaribisha kuketi. Alizisoma amesimama, akaziweka ndani ya sweta yake, akanipa viazi nusu ndoo na kukataa pesa. "Asante kwa kuandika," akasema. "Usije tena. Kila nikikuona nakumbuka lile lori."

Sikwenda tena. Yule mpishi wa zamani aliniambia barua zilisomwa mbele ya akina mama wa kanisa, kwamba wengine walilia na wengine walisema barua yaweza kununuliwa. Baada ya hapo matroni alianza kuketi nao. Kazi ya shule hakurudishiwa, naye hakuiomba.

Miaka michache baadaye nilialikwa arusi ya mwenzetu mmoja, na tulikutana wasichana wengi wa bweni lile, sasa wake za watu. Niliwekwa meza moja na mwanamke ambaye shuleni hatukuwa marafiki. Tulikuwa tunakunywa chai. Akasema ameolewa miaka minne na hajapata mtoto, na madaktari hawaelewi ni kwa nini.

Nikamtazama, na hapo hapo akili yangu ikaanza. Nilimkumbuka muhula ule akilala sana. Nilimkumbuka akifua shuka peke yake. Nikamwona kwenye bomba, rangi imemtoka usoni, amejishika tumbo. Picha zilikuja haraka, zimeshikana vizuri, na nilijua ni yeye aliyemwendea matroni alfajiri ile.

Kisha nikatafuta ukungu kwenye picha ile ya bomba, na ndoo, na mahali nilipokuwa nimesimama. Sikupata. Muhula ule sikuwa nimekwenda tena kwenye bomba lile tangu siku ya matroni.

Nilikishika kikombe kwa mikono miwili.

"Unaishi wapi siku hizi?" nikamwuliza.

"Upande wa Litein," akasema. "Tumenunua ng'ombe wawili. Mmoja anasumbua kukamuliwa."

Nikamwomba anieleze habari za huyo ng'ombe.